Kipandio na Kipandishio: Historia ya Vyombo vya Kumfikisha Fundi Juu ya Nguzo

Makusudio ya makala haya ni kueleza, kwa kadiri nafasi itakavyoruhusu, historia ya vyombo ambavyo mafundi wa simu na wa umeme wamevitumia kufika juu ya nguzo, na kuonyesha jinsi historia hiyo inavyoweza kutuongoza katika kuchagua istilahi. Jambo lenyewe limekuwa la haraka kwa sababu ya kebo za faiba. Tangu mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka 2010, kazi ya kuvuta kebo hizo kutoka nguzo hadi nguzo imeenea mijini na inaendelea kuingia vijijini. Pamoja na kebo zimekuja nyaraka: zabuni, mikataba ya kukodi mitambo, miongozo ya usalama, vitabu vya mafunzo. Aghalabu nyaraka hizo huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha huletwa mezani kwa mfasiri. Naye hukutana na majina matano au sita ya mashine za kunyanyulia, huku mkononi ana maneno mawili tu aliyoyazoea, yaani kreni na winchi. Basi huyagawa maneno hayo mawili kama awezavyo.

Msomaji huenda akauliza: pana ubaya gani? Lugha nyingi zina neno moja lenye kazi nyingi, na watu huelewana. Tujibu kwa mfano. Tuseme mkataba wa kuvuta kebo ya faiba katika mji mdogo unamtaka mkandarasi alete "kreni moja ya mita kumi na mbili". Mkandarasi ataleta kreni, naye hatakuwa amevunja mkataba. Lakini kreni ni mashine ya mzigo: ina kamba ya chuma na ndoano, na kamba hiyo huning'iniza kitu kisicho na uhai. Fundi anayetakiwa kwenda juu kufunga kebo hana pa kusimama. Kwa kuwa kazi haina budi kufanyika, atafungiwa ubao au pipa kwenye ndoano na kuvutwa juu. Hapo neno moja katika karatasi limemning'iniza mtu mahali pa gunia. Kanuni za Marekani za mwaka 2010 kuhusu kreni za ujenzi zinakataza kumnyanyua mtu kwa kreni, isipokuwa pale ambapo njia za kawaida zina hatari kubwa zaidi au haziwezekani kabisa. Kanuni za Uingereza za mwaka 1998 kuhusu vyombo vya kunyanyulia zinaweka tofauti hiyo hiyo kwa njia nyingine: chombo kinachonyanyua watu hukaguliwa kwa ukamilifu kila miezi 6, na kinachonyanyua mizigo kila miezi 12, isipokuwa uwepo mpango maalumu wa ukaguzi. Lugha isiyotenganisha vyombo hivi viwili haiwezi kuzifasiri kanuni hizo.

Turudi nyuma kidogo, maana nguzo yenyewe ilipatikana kwa ajali. Samuel Morse alipopewa na Bunge la Marekani dola 30,000 mwaka 1843 ili ajenge telegrafu kutoka Washington hadi Baltimore, mwendo wa kilometa 64 hivi, hakuwa na nia ya kutumia nguzo. Aliazimia kufukia waya ardhini ndani ya bomba la risasi. Kihami cha waya kikaharibika, sehemu kubwa ya fedha ikaisha, na majira ya baridi yakaingia. Ndipo ilipoamuliwa waya uinuliwe hewani. Katika tangazo la Februari 1844 Morse aliomba aletewe nguzo 700 zenye magome yake, na 680 kati yake ziwe na urefu wa futi 24, yaani mita 7 na ushei. Tarehe 24 Mei mwaka huo ujumbe ukapita. Kwa hiyo urefu wa nguzo, ambao hata leo ndio unaoamua mashine gani ikodiwe, ulianza kama namna ya kuokoa kazi iliyokuwa imekwama.

Nguzo ya mita saba haihitaji mashine. Fundi wa zama hizo aliegemeza ngazi, au alifunga miguuni vyuma vyenye miiba na kuzungusha mkanda wa ngozi kwenye nguzo, akapanda hatua kwa hatua. Mkwezi wa minazi wa pwani yetu angemwelewa mara moja, kwa kuwa naye hufunga kitanzi cha kamba miguuni na kutegemea vipandio vilivyochongwa katika shina. Twalitaja neno kipandio makusudi. Ni neno la zamani na linajieleza: kitu ambacho mtu hukikanyaga ili apande kwa nguvu zake mwenyewe, kiwe ni tundu katika mnazi, kidato cha ngazi au chuma kinachotundikwa kwenye tandiko la farasi. Tutalihitaji neno hili baadaye.

Hatari ya kazi hiyo haikutokana na kimo. Ilianza pale nyaya za umeme mkali zilipojiunga na nyaya za simu katika nguzo zile zile. Tarehe 11 Oktoba 1889, katikati ya jiji la New York, fundi wa telegrafu aliyeitwa John Feeks alipanda nguzo kuondoa nyaya zisizotumika. Nyaya alizozishika zilipaswa kuwa na umeme hafifu usioweza kudhuru. Mahali pengine njiani, waya mmojawapo ulikuwa umegusana na waya wa umeme mkali wa taa. Alikufa papo hapo, na mwili wake ukanaswa katika msukosuko wa nyaya mbele ya umati wa watu waliokuwa barabarani. Tunamtaja kwa sababu hali yake ndiyo hali ya fundi wa faiba leo. Fundi huyu hakuajiriwa kugusa umeme, na kebo yake haipitishi umeme, lakini nguzo anayoipanda ni ya watu wengine na juu yake pana nyaya ambazo yeye si mwenyewe.

Mafundi wenyewe hawakukaa kimya. Mwaka 1891 walikutana katika mji wa St. Louis wakaunda chama chao cha taifa, na rais wao wa kwanza, Henry Miller, alikuwa fundi wa nguzo. Alifariki mwaka 1896 huko Washington baada ya kupigwa na umeme akiwa kazini na kuanguka. Miongoni mwa mambo ambayo chama kiliyapigania ni mafunzo kwa wanagenzi na masharti ya usalama. Kutoka katika madai ya namna hiyo ndipo ilipozaliwa desturi ya kuigawa nguzo katika maeneo: umeme juu, mawasiliano chini, na kati yake nafasi tupu ambayo haiwekwi kitu. Katika kanuni za usalama wa umeme za Marekani nafasi hiyo kwa kawaida ni inchi 40, yaani zaidi kidogo ya mita moja. Mita moja ni urefu wa mkono na kifua cha mtu. Anayechagua mashine ya kumpandisha fundi wa faiba huchagua pia jinsi kichwa cha fundi huyo kitakavyokaa mbali na nafasi hiyo.

Hapa yafaa tuzungumze habari za kwetu, kwa kuwa nguzo zilipofika Afrika Mashariki zilikuta lugha iliyokwisha kujiandaa. Kebo ya baharini kutoka Aden ilifika Unguja mwaka 1879, na reli ya Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, ilifuatana na waya wa telegrafu. Waswahili waliuita waya huo simu, neno lenye asili ya Kiajemi, na huko Uajemi maana yake ni waya. Kisha safari ya neno hilo ikawa ndefu ajabu. Ujumbe uliopita katika waya nao ukaitwa simu, na kupiga simu kukawa kupeleka habari kwa telegrafu. Baadaye chombo cha kusemea kikaitwa simu. Leo mtu hutembea na simu mfukoni isiyo na waya hata mmoja, na mtoto ukimwambia kwamba simu maana yake ni waya atacheka. Wako wanaosema kuwa mfano huu unathibitisha kwamba istilahi hujitafutia njia zenyewe na kwamba kazi ya kamati ni bure. Sisi hatukubali. Neno simu liliweza kuhama kwa usalama kwa sababu hapana mtu aliyeumia kwa kuchanganya waya na ujumbe. Istilahi za vyombo vinavyobeba watu hazina nafasi hiyo ya kuzurura.

Kwa muda wa karibu miaka mia moja tangu Morse, chombo kikuu cha kumfikisha fundi juu kilibaki kuwa miguu yake. Hata kampeni kubwa ya kupeleka umeme mashambani huko Marekani, iliyoanza mwaka 1935 wakati ambapo takriban shamba moja kati ya kumi ndilo lililokuwa na umeme, ilifanywa kwa sehemu kubwa na watu waliopanda kwa miiba. Magari yalikuwapo, na mengine yalikuwa na mlingoti wa kusimamishia nguzo, lakini hayo yalikuwa ya mzigo. Nguzo ilipandishwa kwa mashine, na mtu akapanda kwa mguu. Tofauti hiyo kati ya mzigo na mtu imo katika historia yenyewe, wala hatukuibuni sisi.

Mwaka 1944, katika jimbo la California, mtu mmoja aliyeitwa Jay Eitel alibuni mashine iliyobadili mambo. Husimuliwa kwamba alichoka kuchuma matunda ya cheri kwa ngazi, ambayo kila baada ya dakika chache humlazimu mtu kushuka, kuihamisha na kupanda tena. Akatengeneza mkono wa chuma uliowekwa juu ya gari, na mwishoni mwake pahali pa mtu kusimama, na mtu huyo huyo akawa ndiye mwenye kuuendesha mkono kutoka huko juu. Katika miaka ya 1950 alianzisha kampuni ya Telsta, na wanunuzi wake wakubwa hawakuwa wakulima, bali kampuni za simu. Hata hivyo jina la bustanini liliganda: kwa Kiingereza cha mitaani mashine hiyo huitwa hadi leo kwa jina lenye maana ya mchuma cheri. Mwaka 1958 idara ya zimamoto ya Chicago ilianza kutumia mashine ya jamii hiyo hiyo kuzimia moto, nayo ikaipa jina la bomba la kupumulia la wapiga mbizi, kwa kuwa wazima moto walipoitumia kwa mara ya kwanza walikuwa wamelowa chapachapa. Huu ndio mzaha wa lugha hai, nao hauna neno kwa wenyewe. Lakini mfasiri wa Kiswahili akiufuata mzaha huo neno kwa neno ataandika "mchuma cheri" katika mkataba wa serikali, na karani wa bohari atatafuta jembe.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 lilitokea badiliko la pili, ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko la kwanza. Watengenezaji walianza kuunda sehemu ya juu ya mkono kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa katika utomvu wa viwandani, kwa sababu dutu hiyo ni nyepesi, ni imara na haipitishi umeme. Fundi wa umeme aliyesimama mwishoni mwa mkono huo, akigusa waya wenye umeme, hawi tena daraja kati ya waya na ardhi kwa kupitia gari. Tangu hapo mashine zinazofanana kwa sura ziligawanyika katika koo mbili, zenye mkono uliohamiwa na zenye mkono usiohamiwa, na kwa macho si rahisi kuzitenga. Mwaka 1969 Marekani ilitoa kiwango cha taifa, A92.2, kilichohusu majukwaa ya kazi yanayoinuka na kuzunguka juu ya magari, na sheria ya usalama kazini ya mwaka 1970 ikaleta kanuni zilizokitumia kiwango hicho. Lakini tuangalie mipaka ya ulinzi wenyewe. Mkono uliohamiwa hukata njia ya umeme kwenda ardhini kupitia gari tu. Fundi akigusa nyaya mbili kwa wakati mmoja, au waya na nguzo, mkono huo haumsaidii. Tena vumbi, unyevu na mikwaruzo hupunguza uwezo wake, ndiyo maana hupimwa mara kwa mara kwa umeme na kupewa cheti.

Sasa tufike kwenye faiba yenyewe. Msingi wake uliwekwa na Charles Kao na mwenzake George Hockham nchini Uingereza mwaka 1966, walipoonyesha kwamba kioo kilicho safi vya kutosha kingeweza kubeba mawasiliano kwa njia ya nuru. Mwaka 1970 wataalamu watatu wa kampuni ya Corning walipata uzi wa kioo uliotimiza sharti hilo, na mwaka 1977 mazungumzo ya simu ya wananchi yakaanza kupita katika faiba huko California na Chicago. Kebo hizo ni nyepesi kuliko kebo nene za shaba zilizozitangulia. Kwa sababu hiyo pamezuka dhana mbili ambazo mfasiri na mnunuzi hawana budi kujihadhari nazo.

Dhana ya kwanza ni kwamba faiba haina umeme, kwa hiyo mashine yoyote yafaa. Kweli kioo hakipitishi umeme. Lakini kebo nyingi za faiba hazijitegemei hewani: hufungwa kwa waya mwembamba kwenye kamba ya chuma iliyokazwa kati ya nguzo na nguzo, na chuma hicho hupitisha umeme kama chuma kingine chochote. Ziko kebo zisizo na chuma hata kidogo, zinazojibeba kwa nyuzi maalumu za nguvu, nazo huvutwa karibu zaidi na nyaya za umeme, jambo ambalo humsogeza fundi kwenye hatari badala ya kumwondoa. Huko Marekani mara nyingi kampuni za simu zimetumia magari yasiyohamiwa kwa sababu mafundi wao hawaruhusiwi kabisa kuvuka eneo la mawasiliano. Pale ambapo nafasi kati ya maeneo inaheshimiwa, uamuzi huo una mantiki. Pale ambapo nguzo ni fupi na kebo tatu za kampuni tatu zimerundikana chini ya waya wa umeme, mnunuzi afikiri mara mbili kabla ya kuacha kuandika "uliohamiwa".

Dhana ya pili ni kwamba kazi ya faiba ni ya nguzoni tu. Fundi wa umeme hufanya kazi yake kubwa pale nguzo ilipo. Fundi wa kebo aghalabu hufanya kazi katikati, kati ya nguzo mbili, ambako kebo hufungwa kwenye kamba yake au huungwa na kukarabatiwa. Mkwezi hodari namna gani hawezi kufika hapo, maana hapana kitu cha kukwea. Ndiyo sababu kampuni za simu zilizipokea mashine za mkono kwa shauku. Na hapo ndipo penye sharti ambalo, tukilifasiri ovyo, tutaua mtu. Kanuni ya Marekani inasema kwamba gari halitasogezwa wakati mkono umeinuliwa na mtu yumo juu, isipokuwa gari lililoundwa mahsusi kwa kazi ya namna hiyo. Yapo magari yaliyoundwa hivyo, yatembeayo polepole kando ya njia ya kebo huku fundi akiiweka mahali pake, na yapo mengi zaidi yasiyoundwa hivyo. Mkataba usiotenganisha mawili haya utamfanya dereva aamue mwenyewe, naye ataamua kusogea, kwa kuwa kushusha mkono na kuuinua tena hula muda.

Liko sharti la tatu, dogo kwa maneno. Pahali anaposimama fundi hapafanyiwi kazi ya kapi. Kebo ikivutwa kwa kufungwa kwenye ukingo wa kile anachosimamia, uzito wa pembeni unaweza kupindua vyote. Kebo hupitishwa katika makapi yaliyotundikwa kwenye nguzo au kwenye kamba ya chuma, na huvutwa na winchi iliyo chini. Mabaharia wetu, waliopandisha foromali kwa henza iliyopita katika roda, wangeshangaa kuona mtu akivuta mzigo kwa kile alichokalia.

Baada ya historia hiyo twaweza kuzungumzia istilahi bila kubahatisha. Sifa zinazotenga mashine moja na nyingine ni tatu: inabeba mtu au mzigo; mkono wake umehamiwa au haukuhamiwa; inaruhusiwa kutembea mtu akiwa juu au hairuhusiwi. Jina zuri lazima lionyeshe sifa ya kwanza. Mbili zilizobaki ziongezwe kwa maneno ya kufafanua.

Kiswahili kimetupa msaada ambao Kiingereza hakina. Katika usemi wa kawaida mtu hupanda, na mzigo huinuliwa au hunyanyuliwa. Hapana asemaye kwamba gunia limepanda ghorofani, ila kwa mzaha. Basi kutoka katika kupanda tunacho kipandio, yaani kile mtu akikanyagacho ili apande mwenyewe. Tukitia kiambishi cha kusababisha twapata kupandisha, na chombo chake ni kipandishio: kile ambacho humpandisha mtu aliyesimama tu. Historia yote tuliyoieleza, kutoka miiba ya miguuni hadi mkono wa Eitel, imo katika silabi moja iliyoongezeka. Kwa upande wa mzigo, kreni ibaki kreni, kwa kuwa imekwisha kuzoeleka bandarini na katika majenzi, na winchi irudishwe kwenye maana yake, yaani ngoma inayozungushwa ili kuvuta au kukaza kamba. Tunajua kwamba katika bandari nyingi winchi na kreni huchanganywa. Wachukuzi wana haki ya kusema wapendavyo, lakini mwandishi wa mkataba hana haki hiyo.

Pahali pa kusimama panaleta mjadala mkali zaidi. Kiingereza hutumia neno lenye maana ya ndoo, na ndoo hiyo hiyo ni jina la kile kinachochota udongo katika mashine ya kuchimbia, ambacho sisi huita kijiko. Mfasiri akiandika "gari la ndoo", baadhi ya wasomaji watadhani ni gari la maji, na wengine watadhani ni kijiko. Kikapu kina watetezi wengi, na ni kweli kwamba sura yake inakaribiana. Ubaya wake ni kwamba kikapu ni cha bidhaa, na tumekwisha kusema tunataka kuonyesha mtu. Wako waliopendekeza dungu, yaani jukwaa la kuamia ndege shambani. Neno lenyewe ni tamu, tena lingemjibu yule mchuma cheri kwa shamba letu wenyewe. Lakini dungu husimama pale lilipojengwa, nasi tunatafuta jina la kitu kinachopaa. Sisi twaona kizimba kinafaa zaidi: kimezungushiwa pande zote, kina kimo cha kiuno au kifua, na anayesimama ndani yake ni binadamu, kama kila aliyewahi kutoa ushahidi mahakamani ajuavyo. Hata hivyo kisitumike kulitaja gari zima, maana "gari la kizimba" raia atalisikia kuwa ni karandinga, na hapana fundi atakayekubali kwenda kazini ndani yake.

Neno faiba nalo lataka uangalifu. Limeenea kwa kebo ya nuru, na hatuoni sababu ya kulipiga vita, ijapokuwa mkongo, na mkonga kwa wengine, yamekita katika majina ya miradi mikubwa. Lakini mkono uliohamiwa nao, kwa mafundi wengi, ni wa "faiba", kwa sababu umeundwa kwa nyuzi za kioo. Kwa hiyo maneno "gari la faiba" yanaweza kumaanisha gari la kuvutia kebo ya faiba, liwe na mkono wa chuma mtupu, au gari lenye mkono usiopitisha umeme. Meneja anayesikia maana ya kwanza na fundi anayesikia maana ya pili watakuwa wamekubaliana kwa maneno, na tofauti yao itaonekana siku ambayo mkono utagusa waya. Tunapendekeza neno faiba libaki kwa kebo peke yake, na mkono usitajwe kwa dutu yake bali kwa kazi yake: mkono uliohamiwa.

Kwa hiyo mkataba tuliouanza nao ungeweza kusomeka hivi: "Mkandarasi atatumia kipandishio cha gari chenye mkono uliohamiwa, kimo cha kizimba kisipungue mita kumi na mbili, chenye cheti cha ukaguzi kisichozidi miezi sita. Gari lisisogezwe mtu akiwa kizimbani, isipokuwa kama limeundwa kwa kazi hiyo na hati ya mtengenezaji inathibitisha." Sentensi hizo ni ndefu kuliko "kreni moja ya mita kumi na mbili", na karani atalalamika. Walakini kila neno ndani yake lina mtu wa kuulizwa: cheti kinaulizwa kwa mkaguzi, hati kwa muuzaji, kimo kwa futi ya kupimia.

Wasomaji wawili watatu watatuuliza habari za miguu ya chuma ambayo gari hutoa kandoni na kuitegemeza ardhini kabla ya kuinua mkono. Mafundi huiita jeki. Kuna wanaolipinga jina hilo kwa hoja kwamba jeki ni ile ya kubadilishia gurudumu. Sisi tumeyapima majina mengine, yakiwamo mihimili ya kando na miguu ya kutegemea, na hatukuona faida. Jeki zote mbili husukuma ardhi ili gari lisitikisike wala lisilale, na dereva akiambiwa "shusha jeki" anajua la kufanya kabla sentensi haijaisha. Basi jeki ibaki.